Kibarua cha Kiangazi

Mabuti niliyopewa ni namba nane.
Mguu wangu ni wa sita.
Nikajaza gazeti kwenye ncha, nikatia sahihi:
Agosti hadi Oktoba,
au mpaka vuli ibishe hodi Shume.

"Kazi hii," alisema msimamizi Shechambo
huku akihesabu mapanga,
"si kuzima moto. Ni kufyeka.
Moto ni siku moja. Siku zilizobaki ni nyasi."

Tukafyeka, basi.
Tukaparua kinga ya moto kiunoni mwa mlima,
upana mita kumi, mpaka udongo mwekundu
ukawa mtupu kama kichwa cha mtoto aliyetoka kunyolewa.
Sindano za misonobari ziliingia kwenye kola,
kwenye kiporo, kwenye ndoto.
Usiku vidole vilibaki vimekunjika
kana kwamba mpini wa reki haujaondoka.

Zaina, huu ni msimu wake wa nne,
alinitengenezea kipigio: kipande cha tairi la Fuso,
misumari miwili, mpini wa mkaratusi.
"Usipige kama unaua nyoka," akaniambia.
"Gandamiza. Ukipiga kwa hasira
cheche zinaruka, unazikuta mgongoni."
Nikacheka. Yeye hakucheka.

Wiki ya saba, saa nane mchana,
moshi. Mwembamba kwanza,
kama wa mtu anayechoma mahindi.
Kisha ukanenepa, ukalala ubavu.
Ulitoka upande wa kwetu.
Sikusema.

Hakuna aliyenionya kwamba moto una sauti.
Nilidhani nitauona; kwanza niliusikia,
mvua kubwa juu ya bati, na mbingu kavu.
Bomba la mgongoni, lita kumi na tano,
liliisha kabla sijajua nimelenga nini.
Nyusi zangu zikanuka kama kichwa cha mbuzi siku ya Idi.

Upepo ukapinda. Shechambo akasimama kwenye kinga,
akatema mate, akauliza:
"Nani hapa anajua kuwasha?"

Dawa ya moto ni moto.
Niliiandika darasa la tano,
nikaitungia sentensi, nikapewa mbili kati ya mbili,
kumbe sikujua kwamba ina maana nyingine,
ile ya kwanza, ya kabla ya maana.

Mkono wangu ulipanda wenyewe.
Tangu nikiwa na miaka saba
nimemfuata mama kwenye shamba la mteremko,
yeye na kiberiti, mimi na tawi bichi,
akinifunza: anzia juu, acha ushuke;
moto unaoshuka hutembea, unaopanda hukimbia.

Nikawasha kando ya kinga, kidogo kidogo,
kwa kishada cha nyasi kavu,
mgongo wangu kwenye udongo mtupu.
Mioto miwili ikatazamana,
ikakimbiliana, ikashikana mashati,
halafu pakawa hapana cha kula.

Zaina akaninywesha maji kwa kofia yake.

Jioni, fomu. Shechambo anasoma, mimi naandika,
kwa sababu hati yangu inasomeka.
Eneo lililoungua: ekari kumi na moja.
Majeruhi: hakuna.
(Vidole vya Yonazi havikuhesabiwa.)
Chanzo cha moto:

Kalamu ikasimama.
Akatazama mlango. "Andika unachokijua."
Ninachokijua ni shamba lililolimwa nusu,
ni mwanamke wa miaka hamsini na mbili
anayeharakisha mvua isimkute,
ni upepo usiomwomba mtu ruhusa.

Nilifika nyumbani usiku. Alikuwa hajalala.
Kanga yake ilinuka moshi uleule.
Akaniwekea maji ya kuoga,
akanivua mabuti, akayakuta magazeti,
akayachomoa taratibu, yamelowa jasho,
akayaanika juu ya figa.

"Kesho mnaenda?"
"Kesho tunafyeka."
"Kule shambani kwetu nako," akasema,
"pana nyasi. Pembezoni."

Nikamwambia: mita kumi.